Gofu Mlimani: Mandhari Haitoshi Bila Vipimo

Mchezo wa gofu huhesabiwa na watu wengi kuwa ni burudani ya matajiri, jambo lisilostahili nafasi katika darasa la sayansi. Maoni hayo yana sababu zake. Hata hivyo, yanawanyima walimu na wanafunzi mfano mzuri sana wa kujifunzia. Kiwanja cha gofu kilichojengwa mlimani ni mahali ambapo fizikia, biolojia, jiografia na hesabu hukutana mchana kweupe, na kila pigo la mpira ni swali linalodai jibu la tarakimu.

Liko jambo jingine lenye uzito kuliko hilo. Mchezaji wa mlimani hulazimika kuipima hewa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa asipofanya hivyo atashindwa. Uangalifu uo huo hautumiki daima katika kupima maji yanayonyweshwa nyasi, ardhi iliyozungushiwa uzio, na kazi ya watu wanaokitunza kiwanja. Kipimo kinachomnufaisha mchezaji hufanywa. Kipimo kinachowahusu majirani wa kiwanja huachwa. Huo ni upungufu wa elimu na pia ni upungufu wa haki, na shule za sekondari zinaweza kusaidia kuuondoa.

KIWANJA KIMOJA NA MAHALI PAKE

Mfano unaofaa ni klabu ya Castle Pines katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, kusini ya mji wa Denver. Kiwanja hicho kilibuniwa na mchezaji mashuhuri Jack Nicklaus, na kilifunguliwa mwaka 1981. Kiko katika vilima vilivyo chini ya Milima ya Rocky, kadiri ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mashimo yake 18 yamepangwa kati ya misonobari na vichaka vya mialoni, na upande wa magharibi safu ya milima husimama kama ukuta. Klabu ni ya watu binafsi. Mtu haingii kwa kulipa kiingilio mlangoni, bali kwa kualikwa na wanachama.

Kuanzia mwaka 1986 hadi mwaka 2006 yalifanyika hapo mashindano ya wachezaji wa kulipwa yaliyoitwa The International. Mwezi wa Agosti 2024 kiwanja hicho kiliandaa tena mashindano makubwa, yale ya BMW Championship, ambayo mshindi wake alikuwa Keegan Bradley. Kwa ajili ya mashindano hayo urefu wa kiwanja ulipimwa kuwa yadi 8,130, yaani mita 7,434. Viwanja vingi vinavyotumiwa na mabingwa huwa na urefu wa yadi 7,000 hadi 7,500 hivi. Kwa nini basi kiwanja cha mlimani kirefushwe kiasi hicho? Jibu lake haliko katika ukaidi wa waandalizi. Liko hewani.

HEWA YA MLIMANI NA SAFARI YA MPIRA

Hewa ina uzito. Tabaka za juu huzikandamiza zile za chini, na ndiyo maana hewa ya pwani ni nzito kuliko hewa ya milimani. Kwa kipimo cha kawaida, katika usawa wa bahari na joto la nyuzi 15 za sentigredi, mita moja ya ujazo ya hewa ina tungamo la kilo 1.225. Kwenye mwinuko wa mita 1,900, kwa kipimo hicho hicho cha kawaida, tungamo hilo hushuka na kuwa kilo 1.02 hivi. Hewa imepungua kwa asilimia 17.

Mpira wa gofu, kwa mujibu wa kanuni za mchezo, hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 wala kuwa na kipenyo kilicho chini ya milimita 42.67. Mpira huo ukipigwa na bingwa huondoka kwa mwendokasi wa mita 70 kwa sekunde. Kani ya ukinzani wa hewa hupatikana kwa kuzidisha nusu ya msongamano wa hewa, mraba wa mwendokasi, eneo la mpira linalokabili upepo, na tarakimu inayotokana na umbo na uso wa mpira, ambayo kwa mpira wa gofu yaweza kukadiriwa kuwa 0.25. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo atapata kwamba pwani mpira huanza safari yake ukikabiliwa na ukinzani wa nyutoni 1.07, ilhali uzito wa mpira wenyewe ni nyutoni 0.45 tu. Hewa, ambayo mtu huidharau kwa kuwa haionekani, huukabili mpira kwa kani iliyo zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kwenye mwinuko wa mita 1,900 ukinzani huo hushuka na kuwa nyutoni 0.89.

Hapo mwanafunzi mwepesi wa kuamua atasema kwamba hewa ni adui wa mpira, na kwamba pasipo hewa mpira ungekwenda mbali kuliko popote. Aangalie tena. Bingwa haupigi mpira kwa pembe ya nyuzi 45, bali kwa pembe ndogo ya nyuzi 11 hivi. Kwa mwendokasi wa mita 70 kwa sekunde na pembe hiyo, mahali pasipo na hewa mpira ungeanguka baada ya mita 190 tu. Lakini katika hewa ya pwani mpira huo huo huruka mita 230 hivi kabla ya kugusa ardhi. Hewa inayouzuia ndiyo inayoubeba.

Siri hiyo ni mzunguko. Fimbo ya gofu huupa mpira mzunguko wa kurudi nyuma, na mpira unaozunguka hivyo huisukuma hewa kuelekea chini; hewa nayo huusukuma mpira kuelekea juu. Mwanafizikia wa Kijerumani Heinrich Gustav Magnus aliichunguza kani ya namna hiyo katika miaka ya 1850. Katika miaka ya 1890 Peter Guthrie Tait, profesa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alieleza kwamba mzunguko ndio unaoufanya mpira wa gofu udumu hewani. Tait alikuwa na mwalimu wa karibu, kwani mwanawe Frederick alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na mwaka 1898. Vishimo vidogo vinavyoonekana juu ya mpira, ambavyo William Taylor alivipatia hataza mwaka 1905, navyo si pambo. Huichafua hewa iliyo karibu kabisa na mpira, ikaushikilia mpira kwa muda zaidi kabla ya kuachana nao, na hivyo ukinzani ukapungua. Mpira laini kabisa haufiki mbali.

Mfano wa mahali pasipo hewa upo. Tarehe 6 Februari 1971 mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga mipira miwili ya gofu juu ya Mwezi, akiwa amevaa vazi zito na akitumia mkono mmoja. Uchunguzi wa picha uliofanywa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mpira wa kwanza ulikwenda yadi 24 na wa pili yadi 40. Mvutano wa Mwezi ni sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, lakini huko hakuna hewa ya kuuinua mpira wala ya kuupinda, hata ungezunguka namna gani.

Mlima, basi, uko kati ya pwani na Mwezi. Hewa yake huuzuia mpira kidogo, na pia huuinua kidogo. Faida hushinda hasara, lakini haifikii asilimia 17 nzima. Kwenye mwinuko kama wa Castle Pines mpira uliopigwa vizuri huenda mbali zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, au zaidi kidogo. Mtu akigawanya yadi 8,130 kwa 1.1 atapata kama yadi 7,390, ambao ni urefu wa kawaida wa kiwanja cha mabingwa. Urefu uliostaajabisha watu ni marekebisho ya hesabu tu.

Historia ina ushahidi mwingine. Mwaka 1960, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyochezwa Cherry Hills, karibu na Denver, Arnold Palmer alianza mzunguko wa mwisho kwa kuupiga mpira hadi kwenye uga wa shimo la kwanza, umbali wa yadi 346, kwa pigo moja. Alikuwa nyuma ya kiongozi kwa mapigo saba, naye akaibuka mshindi. Nguvu za mikono yake hazina ubishi. Lakini Denver iko mita 1,609 juu ya bahari, na hewa ilikuwa na sehemu yake katika ushindi ule.

JICHO LINAPOMDANGANYA MCHEZAJI

Mchezaji anapoanza mzunguko katika kiwanja cha namna hii husimama juu na kulitazama bonde. Shimo la kwanza la Castle Pines lina urefu wa zaidi ya yadi 600 na huteremka mbele yake. Mpira ukielea juu ya mteremko huwa na muda zaidi wa kukaa hewani, na kwa hiyo huenda mbali zaidi hata kabla ya kuihesabu hewa nyembamba. Mchezaji asiyejua kutenganisha sababu hizo mbili hujisifu kwa nguvu asizo nazo.

Afikapo karibu na shimo, hesabu hubadilika. Hapo mpira hauruki, hubingirika, na hewa haina neno kubwa. Lililobaki ni mteremko, na kuuona mteremko mlimani ni kazi ngumu. Mahali ambapo ardhi yote imeinama, jicho hulitafuta tambarare, na lisipolipata hulibuni. Uga ulioinama kwa kiasi kidogo, ukizungukwa na mwinamo mkubwa, huonekana kuwa sawasawa, na pengine huonekana kuwa unapanda ilhali unashuka. Wachezaji wazoefu hujifunza kuliuliza umbo la mlima mzima kabla ya kuyaamini macho yao. Fundi mwashi, akiwa na kipimamaji chake, angewaambia jambo hilo siku ya kwanza.

Mwili nao hudanganyika. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni asilimia 21, pwani na mlimani. Lakini kwenye mita 1,900 kanieneo ya hewa imeshuka hadi kiasi cha asilimia 80 ya ile ya pwani, na hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu. Mgeni huhema akipanda kilima ambacho mwenyeji hukipanda akizungumza. Jua nalo huunguza zaidi, kwa maana mionzi yake mikali huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ubaridi wa upepo humfanya mtu asitambue hayo mpaka jioni.

Funzo la sehemu hii ni moja: mandhari nzuri hushawishi, na mwenye kushawishika huacha kupima. Anayeyaamini macho hukosa shimo. Jamii nayo ikiyaamini macho hukosa jambo kubwa zaidi.

GHARAMA YA MAJANI MABICHI

Msafiri anayepita barabarani huona kijani kibichi kisicho na doa, akasema kwamba hiyo ni zawadi ya mlima. Sivyo. Katika sehemu nyingi za tambarare na vilima vilivyo mashariki ya Milima ya Rocky, mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, kwa sababu mawingu yatokayo magharibi hupoteza maji yake yakivuka vilele. Miti ya asili ya mahali hapo imezoea ukame. Nyasi za gofu hazikuzoea. Miji mingi ya wilaya ya Douglas, ambamo Castle Pines imo, kwa miaka mingi imetegemea maji yaliyomo katika miamba ya kina kirefu ya bonde la Denver. Maji hayo yalikusanyika kwa maelfu ya miaka, na yakivutwa kwa pampu hayarudishwi na mvua kwa kasi ile ile.

Tena nyasi za kuzunguka shimo hukatwa hadi kimo cha milimita 3 hivi, ili mpira ubingirike bila kizuizi. Mmea uliokatwa hivyo una majani machache ya kutengenezea chakula kwa nuru ya jua. Chakula kikipungua, mizizi hubaki mifupi. Na mizizi ikiwa mifupi, mmea hauwezi kuyafikia maji ya chini wala kujikinga na magonjwa ya kuvu. Kwa hiyo hupewa maji mara kwa mara, mbolea za naitrojeni, na dawa. Mbolea iliyozidi mahitaji ya mmea huyeyuka na kufuata maji ya chini mpaka kijitoni, na kijito hakikomi kwenye uzio wa klabu.

Maji yanayohitajiwa yaweza kukadiriwa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni mita 10 za ujazo, yaani lita 10,000. Ikichukuliwa kwamba katika siku ya jua kali nyasi hupoteza milimita 5, hekta moja itahitaji lita 50,000 kwa siku. Ikichukuliwa tena kwamba kiwanja kina hekta 30 zinazonyweshwa, mahitaji ya siku moja ni lita 1,500,000. Mtu mmoja akikadiriwa lita 50 kwa siku za kunywa, kupikia, kuoga na kufulia, maji hayo yangetosha watu 30,000. Tarakimu hizi ni za mfano, wala si za klabu fulani. Kila mahali pana mvua yake, udongo wake na nyasi zake. Lakini zinaonyesha ukubwa wa jambo linalozungumzwa, na zinaonyesha jinsi hesabu fupi inavyoweza kuifumbua ajabu ndefu.

Suala hili halihusu Colorado peke yake. Nairobi, ambako mashindano ya wazi ya Kenya huchezwa, iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru imepita mita 2,000. Viwanja vya gofu vimo katika nyanda za juu za Kenya tangu enzi ya ukoloni, vingi vikiwa jirani na mashamba ya chai na misitu. Tanzania nayo ina viwanja vyake katika nchi iliyo chini ya Mlima Meru. Milima ya Afrika Mashariki ndiyo inayolisha mito: Mlima Kenya na safu ya Aberdare huulisha Mto Tana; Kilimanjaro na Meru huulisha Mto Pangani. Kinachofanywa juu huwafikia wa chini, na wa chini ndio walio wengi.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki inadai kwamba watetezi wa viwanja hivi wasikilizwe. Husema kwanza kwamba kiwanja huzuia ujenzi holela. Hoja hiyo ina ukweli. Ardhi ambayo haikuwa kiwanja ingeweza kujaa nyumba na lami, na lami huyamwaga maji ya mvua kwa ghafla, hali nyasi huyapunguza mwendo. Pembezoni mwa viwanja, ambako majani huachwa yarefuke, ndege na wadudu hupata makao.

Husema pili kwamba maji yanayotumika si lazima yawe ya kunywa. Hilo pia ni kweli: viwanja kadhaa duniani hunyweshwa maji machafu yaliyosafishwa kwa kiasi kinachoifaa mimea. Aidha, nyasi zinazostahimili ukame zaweza kuchaguliwa, na sehemu isiyochezewa ikaachwa kavu.

Husema tatu kwamba mchezo huleta kazi na elimu. Marekani kuna mfano mmoja wa kuvutia. Chick Evans, aliyekuwa mbeba mikoba ya wachezaji utotoni mwake, alishinda mashindano ya wazi na yale ya ridhaa ya Marekani katika mwaka mmoja, 1916. Aliazimia kwamba fedha zilizotokana na sifa zake zigharimie masomo ya vijana wabeba mikoba, na wanafunzi wa kwanza walianza chuo mwaka 1930. Mashindano ya mwaka 2024 pale Castle Pines yalichangia mfuko huo huo wa Evans. Hapa Afrika Mashariki, wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kubeba mikoba ya watu wengine. Vijana hao walijua upepo, mteremko na umbali bila kitabu. Laiti wangepata na kitabu!

Hoja zote tatu zaweza kukubaliwa, na zote tatu zina kasoro moja: hazithibitiki bila vipimo. Klabu inayosema kwamba huhifadhi maji na ionyeshe dira ya mita ya maji. Klabu inayosema kwamba dawa zake hazifiki mtoni na ipime kijito, juu ya kiwanja na chini yake, kisha itangaze matokeo. Klabu inayosema kwamba huleta ajira na itaje idadi ya watu na ujira wao. Mchezo huu una desturi ya kujivunia: mchezaji huithibitisha mwenyewe kwa sahihi idadi ya mapigo iliyoandikwa katika kadi yake, na akithibitisha idadi pungufu huondolewa katika mashindano. Si vigumu kuitaka klabu ifanye kwa maji yake lile ambalo kila mwanachama hulifanya kwa mapigo yake.

Wapo watakaosema kwamba uzio wa mtu ni wake, na yaliyomo ndani hayawahusu walio nje. Uzio waweza kuwazuia watu. Hauzuii hewa, wala maji yaliyo chini ya ardhi, wala mbolea iliyoyeyuka. Sheria za maumbile hazitambui kadi ya uanachama. Pale ambapo athari inavuka uzio, haki ya kujua nayo huvuka.

KAZI INAYOZINGOJA SHULE

Mwalimu hahitaji ruhusa ya klabu yoyote ili aanze. Na aanze na kani ya Magnus. Karatasi ikunjwe kuwa bomba jepesi, ibandikwe gundi, kisha iachwe ibingirike juu ya ubao ulioinamishwa mezani. Ifikapo ukingoni haitaanguka mbele kama jiwe. Itapinda na kurudi chini ya meza. Darasa zima litaona kwa macho kani inayoubeba mpira wa bingwa.

Kisha shule ya pwani na shule ya nyanda za juu ziandikiane barua. Kila moja ichemshe maji na kusoma kipimajoto. Ya pwani itapata karibu nyuzi 100. Iliyo kwenye mita 1,900 itapata karibu nyuzi 94. Wanafunzi watafahamu kwa nini maharage ya milimani hukawia kuiva, na watatambua kwamba sababu ni ile ile inayoupeleka mbali mpira wa gofu.

Mwisho, kila shule iweke sinia pana lenye maji mahali pa wazi, palipolindwa dhidi ya wanyama, na ipime kwa rula milimita zinazopotea kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Sinia halifanani na nyasi katika kila jambo, lakini litatoa kadirio la kuanzia. Tarakimu hiyo ikizidishwa kwa hekta za kiwanja chochote kinachojulikana, kiwe cha gofu, cha kandanda au shamba la maua, itawapa wanafunzi njia ya kuuliza maswali kwa adabu na kwa uthabiti. Anayekwenda kwenye mkutano wa kijiji na tarakimu aliyoipima mwenyewe hasikilizwi kama anayekwenda na manung'uniko.

Nazo mamlaka zinazotoa vibali zina wajibu wao. Kiwanja kipya kikiombewa nafasi katika mlima unaolisha mto, na itakiwe kwanza taarifa ya maji, ya udongo na ya watu walio chini ya mlima, iliyoandikwa kwa lugha wanayoisoma watu hao. Baada ya kiwanja kufunguliwa, vipimo viendelee na vitangazwe kila mwaka. Sharti hilo haliupigi mchezo marufuku. Linaufikisha mchezo kwenye kiwango kile kile cha ukweli ambacho wenyewe huwadai wachezaji wake.

Mzunguko mmoja wa gofu mlimani una raha isiyokanushika: hewa baridi, misonobari, mpira mweupe ukielea juu ya bonde kwa sekunde sita au saba. Hakuna sababu ya kumwonea gere anayeipata raha hiyo. Ila raha inayotegemea maji ya wote ina deni kwa wote, na malipo ya kwanza ya deni hilo ni hesabu iliyo wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na maji ya mlima ni mali ambayo daftari lake halijaandikwa vya kutosha. Wanafunzi wenye rula, sinia na kipimajoto wanaweza kuandika kurasa zake za mwanzo.